Kanzu ya Kwanza ya Mjukuu Wangu

Marehemu mke wangu ndiye aliyewashonea watoto wetu nguo za Idi. Kazi yangu mimi ilikuwa kununua kitambaa na kusifu. Alipofariki, cherehani yake ya miguu ilikwenda na binti yetu kifungua mimba, aliyeolewa Kitui, na huko ikakaa miaka sita imefunikwa kanga. Ramadhani iliyopita binti akanipigia simu: "Baba, mwanangu ametimiza mwaka. Nataka Idi hii avae kanzu iliyotoka kwenye cherehani ya mama." Nikamuuliza nani ataishona, maana yeye hakujifunza. Akanyamaza. Nikamwambia nakuja.

Nilipanda basi Mombasa, nikashuka Kibwezi upande wa Makueni, kisha nikashika barabara ya Mutomo hadi Kitui. Baina ya pwani na Ukambani nguo ni habari ya kale. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka na pembe za ndovu, ikarudi na shanga, nyaya za shaba na merikani, ile nguo nyeupe iliyovuka bahari kutoka Marekani. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 kuonana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa huko, biashara hiyo ilikuwa imeshamiri. Nami nilikuwa na yadi tatu za pamba kwapani, nikajiona mmoja wa msafara.

Kanzu nilidhani naijua. Tangu nikisoma chuoni nayajua majina yake: badani ni mwili wa mbele na wa nyuma, taharizi ni vipande vya ubavuni, kikwapa kiko chini ya mkono, lisani iko nyuma ya mpasuo wa kifua. Majina hayo nimeyatia katika mashairi yangu, yakapendeza. Mkasi sikuwahi kuushika.

Kitui si wageni wa cherehani. Kule Syongila serikali ya kaunti ilifungua kiwanda cha nguo, KICOTEC, mwaka 2018, na wakati wa korona mwaka 2020 kikashona barakoa kwa wingi. Lakini mwalimu wangu alikuwa jirani tu, mama wa Kikamba anayeshona sare za shule barazani kwake. Akaniagiza kwanza niloweke kitambaa usiku kucha, kwa kuwa pamba hurudi ikifuliwa. Kisha akatandika shati la mtoto juu ya kitambaa, akanipa chaki nichore kulizunguka na kuacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Kutunga uzi kulinitesa: kila mtu huulamba, nami nimefunga! Ikabidi niuchovye katika kikombe cha maji, mwenzangu akinicheka.

Tatizo ni kwamba nilikata peke yangu, yeye akiwa sokoni. Kwa ubahili wa kitambaa nikaacha taharizi na kikwapa, nikashona mbele na nyuma moja kwa moja. Mtoto alikuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Tulipomvika akapiga hatua mbili, kanzu ikambana miguu, akaanguka kifudifudi. Akataka kunyosha mikono abebwe, mikono haikupanda. Binti akamwinua, akamvua, akaingia ndani bila kusema neno. Zilibaki siku tatu.

"Mzee," akasema yule mama aliporudi, "umemshonea mtoto foronya."

Usiku ule baada ya tarawehe nilifumua kila mshono kwa wembe. Kesho yake tukakata taharizi mbili, nyembamba juu na pana chini, na vipande viwili vya mraba vya kikwapa. Neno kikwapa alilisikia kwangu. Lakini vidole vyake vilijua kukigeuza upembeupembe ili mkono upande bila kuvuta bega. Shingo tukaipasua mbele na kutia kifungo, kwani kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko shingo yake. Chini tukaacha pindo la vidole vinne, la kufumuliwa akirefuka.

Asubuhi ya Idi mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Mtoto alitembea kutoka mkekani hadi mlangoni, akarudi, akainua mikono kwa mamake. Binti alimbeba, akapitisha kidole juu ya lile pindo. Tuliporudi kutoka msikitini nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, kanga imekunjwa pembeni.

"Baba," akaniambia, "nionyeshe uzi unapitia wapi."