Kufufua pikapu ya zamani nyumbani: Kwa nini rangi inapaswa kuja mwisho

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, pikapu yenye umri mkubwa kuliko mwenyewe si pambo la kuwaonyesha wageni. Ni chombo cha kazi. Ikiwaka, hubeba ndizi, maharage na mahindi kutoka vijiji vya Isingiro hadi masoko ya Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi, na hurudi na sabuni, mabati na magodoro. Isipowaka, hugeuka kuwa chuma kinachokula akiba ya familia nyuma ya nyumba.

Tofauti kati ya hali hizo mbili haitokani na ustadi wa fundi peke yake. Mara nyingi hutokana na mpangilio: kipi kilitengenezwa kwanza, na kipi kilisubiri. Gari huonekana kufufuka siku linapopakwa rangi, ndiyo maana wengi huanzia hapo. Fedha zikiisha, hubaki na gari linalong'aa lakini lisilosimama vizuri kwenye mteremko.

Makala haya yanaeleza kwa nini magari hayo bado yana thamani, na jinsi ya kuyafufua kwa utaratibu usiohatarisha fedha wala maisha.

Kwa nini pikapu za zamani bado zinatafutwa?

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Leo hii humo wanaishi watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao sokoni na gerejini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kumiliki mali na kusafiri ndani ya nchi.

Haki hizo zimekuwa na uzito zaidi kadiri msaada unavyopungua. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa msaada nchini Uganda kwa viwango vinavyotofautiana kulingana na uhitaji. Mwaka 2025, kutokana na upungufu wa fedha, wakimbizi wapatao milioni moja waliondolewa kwenye mgao. Kwa familia iliyopoteza mgao huo, uwezo wa kufikisha mazao sokoni bila kumlipa mtu mwingine si jambo dogo.

Sababu ya pili ni sheria ya uagizaji. Tangu mwaka 2018 Uganda imepiga marufuku kuingizwa nchini kwa magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Nchini Kenya kikomo ni miaka minane. Marufuku hiyo haiyagusi magari yaliyokwisha kusajiliwa nchini. Kwa hiyo pikapu kuukuu iliyolala katika ua wa mtu Mbarara inaweza kuwa njia ya bei nafuu zaidi ya kupata gari la mizigo kuliko kuagiza jingine.

Magari yaliyozaliwa kwa ajili ya barabara mbovu

Waganda huiita pikapu kabangali, na kila kizazi kina kabangali yake. Peugeot 404, iliyozinduliwa mwaka 1960, ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Toleo lake la pikapu lilibeba mizigo na abiria kote katika ukanda huu. Baadaye ilikuja pikapu ya Peugeot 504. Toyota Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968. Land Rover ni ya zamani zaidi: ilizinduliwa mwaka 1948 ikiwa na bodi ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita.

Kinachoyaunganisha magari haya ni kwamba yanaeleweka kwa macho na mikono. Hakuna kompyuta inayoamua lini injini ipate mafuta. Kwenye magari ya petroli, kabureta huchanganya hewa na mafuta, na cheche hutokana na mfumo unaoweza kurekebishwa kwa bisibisi na kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi. Peugeot za aina hizi zina faida nyingine: kuta za silinda zake ni mirija ya chuma inayochomolewa. Zikichakaa, fundi hununua seti mpya na kuipachika bila kupeleka injini nzima kuchongwa kwa mashine.

Hatua ya kwanza ni karatasi

Kabla ya kufungua nati moja, namba ya fremu na namba ya injini zinapaswa kulinganishwa na kadi ya gari. Gari lisilo na kadi, au lenye namba zilizofutwa, linaweza kutengenezwa hadi mwisho kisha likakamatwa siku ya kwanza barabarani. Umiliki uhamishwe kwa jina la mnunuzi mapema, maana mwenye kadi ya mwaka 1985 huenda amehama au amefariki dunia, na warithi wake hawajulikani. Injini ikibadilishwa, au rangi ikiwa tofauti na ile ya awali, mamlaka ya usajili inapaswa kuarifiwa.

Tahadhari zaidi inahitajika kwa magari yaliyovuka mpaka. Congo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari yao mengi yana usukani kushoto, ilhali Uganda huendesha upande wa kushoto. Gari kuukuu lenye namba za nchi jirani na ambalo halijalipiwa ushuru hukabiliwa pia na ile marufuku ya miaka 15. Bei yake huwa ya chini kwa sababu hiyo hiyo.

Fremu: mifupa ya gari

Pikapu hujengwa juu ya fremu, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba injini, springi na mzigo. Bodi inaweza kuchakaa na gari likaendelea kufanya kazi. Fremu ikikatika, hakuna gari tena.

Uchunguzi wake hauhitaji mashine. Tope lote hukwanguliwa, fremu huoshwa na kuachwa ikauke, kisha hugongwa kwa nyundo ndogo sehemu baada ya sehemu. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, na bisibisi huweza kupenya. Sehemu za kuangaliwa kwa makini ni zile zinazoshika springi, zile zinazobeba mfumo wa usukani, na maungio ya mihimili ya kukatiza. Fremu ya Land Rover hudanganya macho: bodi ya aluminiamu haishiki kutu, wakati fremu ya chuma iliyo chini yake inaoza kuanzia ndani.

Hali ya hewa ya Isingiro ni msaada hapa. Ni eneo kavu lililo mbali na bahari, na gari lililokaa huko kwa kawaida huwa na kutu kidogo kuliko lililokaa Mombasa. Hata hivyo, tope lililojikusanya ndani ya fremu huhifadhi unyevu muda mrefu baada ya mvua kukoma.

Ufa hautibiwi kwa kuufunika. Mchomeleaji makini hutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, hupanua ufa huo kwa jiwe la kusagia ili chuma cha kuungia kizame, kisha huongeza bamba la chuma juu yake. Betri huondolewa kabla ya kazi hiyo ili umeme wa kulehemu usiharibu vifaa vya gari.

Breki kabla ya injini

Mpangilio huu huwashangaza wengi, kwa kuwa kila mtu hutamani kusikia injini ikinguruma. Lakini injini ikiwaka, kishawishi cha kulijaribu gari barabarani huwa kikubwa, na gari lililosimama miaka kumi huwa halina breki za kuaminika.

Magari mengi ya miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mabomba ya chuma yenye kutu na mipira yote ya mfumo huo hubadilishwa bila kusubiri ivuje.

Mafuta ya breki nayo huzeeka. Hufyonza unyevu kutoka hewani, na maji hayo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Pikapu iliyojaa ndizi ikiteremka vilima vya Isingiro hupasha breki moto sana. Mafuta yakichemka, mvuke hujaa ndani ya mabomba na pedali huzama hadi sakafuni. Kosa jingine ni kujazia oili ya injini pale mafuta ya breki yanapokosekana. Oili hiyo huvimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima.

Injini: sikiliza kabla ya kufungua

Injini iliyokaa muda mrefu haipigwi stata mara moja. Plagi huondolewa, oili kidogo humiminwa ndani ya kila silinda na kuachwa usiku kucha, kisha injini huzungushwa kwa mkono. Mafuta ya zamani humwagwa, tangi husafishwa, na maji ya rejeta hubadilishwa. Baada ya hapo kipimo cha mgandamizo wa silinda hueleza mengi: silinda zote zikiwa na kipimo cha juu kinachokaribiana, huenda injini haina haja ya kufunguliwa. Moja ikiwa chini sana, shida yaweza kuwa ringi, vali au gasketi ya hedi.

Mambo mawili ni ya kukumbukwa. Kwanza, Mbarara iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyorekebishwa pwani itachoma petroli zaidi ya inavyohitajika na kutoa moshi mweusi. Pili, injini nyingi za zamani zilibuniwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia kufikia mwaka 2006. Risasi hiyo ilikinga vikalio vya vali. Kwenye baadhi ya injini, vikalio vigumu zaidi hulazimika kuwekwa hedi inapofunguliwa.

Hatari za gereji ya nyumbani

Ua wa nyumba si gereji. Watoto hucheza humo, chakula hupikwa humo, na hatari kadhaa hazionekani kwa macho.

Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbestosi, ambayo huharibu mapafu na kusababisha saratani. Halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Hulowanishwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa ambacho hutupwa mbali na nyumba. Rangi kuukuu nayo yaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo msasa hupigwa kwa maji, si mkavu.

Tangi la mafuta lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka cheche ya kulehemu inapougusa. Na hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, wala na matofali, ambayo hupasuka ghafla. Magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana ni salama zaidi pale ambapo stendi za chuma hazipatikani.

Bodi, rangi na safari ya kwanza

Ni baada ya hatua hizo ndipo bodi inapofikiwa. Sehemu iliyooza hukatwa hadi chuma kizima kionekane, na kiraka cha bati huunganishwa. Bati la bodi huwa na unene wa takriban milimita moja, hivyo kulehemu kwa umeme mwingi hulitoboa. Fundi huchoma nukta moja moja, akiacha chuma kipoe. Puti ni ya kusawazisha mikwaruzo. Ikitumiwa kuziba tundu, kutu huendelea chini yake, na mvua za Machi hadi Mei huifichua.

Wengi wa mafundi wanaofanya kazi hizi walijifunza wakiwa vijana katika gereji za Goma, Bukavu au Bujumbura, wakavuka mpaka bila cheti. Uganda ina utaratibu wa kupima kwa vitendo ujuzi uliopatikana kazini na kutoa hati, na hati hiyo huweza kumfungulia fundi wa Nakivale milango ya gereji za Mbarara.

Gari likikamilika, safari ya kwanza huwa fupi, bila mzigo, kwenye ardhi tambarare. Bolti zote za springi, magurudumu na usukani hukazwa upya baada yake, na chini ya gari huangaliwa kama kuna tone lolote la mafuta. Mzigo huongezwa hatua kwa hatua, mara tu bima ya lazima dhidi ya madhara kwa watu wengine inapokuwa imelipiwa. Rangi yaweza kungoja mavuno yajayo. Faida ya mizigo michache ya kwanza ndiyo itakayoilipia.