Kigari cha Mtoto au Mbeleko? Mambo ya Kupima Kabla Kikundi Hakijatoa Pesa



Katika vikundi vingi vya akina mama kuna desturi njema. Mwanachama akijifungua, wenzake huchanga pesa na kwenda kumwona mtoto. Huenda na unga, sukari, sabuni na leso. Siku hizi kuna vikundi vinavyojiuliza kama si afadhali kumnunulia mama kigari cha kusukuma mtoto, kama vile vinavyoonekana mjini na katika masoko ya mitumba. Wengine husema, "Hata sisi tuonekane tumeendelea." Wengine hujibu, "Kwani mgongo umefanya nini?"

Tumeona heri tulizungumzie jambo hili hatua kwa hatua, kwa sababu pesa za kikundi ni jasho la watu, na mtoto mchanga ni amana. Kigari na mbeleko vyote ni vyombo vya kazi, na chombo huchaguliwa kwa kazi yake. Basi tuangalie kazi yenyewe: kumtoa mtoto mahali pamoja hadi pengine akiwa salama, bila kumuumiza mama.

VILITOKA WAPI

Kubeba mtoto kwa nguo au ngozi ni elimu ya wazee wetu. Wakikuyu walikuwa na ngoi ya ngozi, na watu wa pwani wana mbeleko ya leso mpaka leo. Kigari kilianzia Uingereza katika karne ya 18, kwa watoto wa matajiri, na kilivutwa na mnyama mdogo. Kile chepesi kinachokunjwa kama mwavuli kilibuniwa mwaka wa 1965 na Owen Maclaren, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa ndege. Kinafaa zaidi kwenye njia za lami na za simiti.

Sasa sikieni jambo lingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 muuguzi Mmarekani, Ann Moore, alihudumu nchini Togo. Aliwaona akina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni, na watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto, alitengeneza kibebeo cha kitambaa kwa mfano ule, na kikaja kuuzwa madukani. Kumbe Wamarekani walilipa pesa kwa kitu ambacho mama wa kijijini anacho begani! Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.

JAMBO LA KWANZA: NJIA

Kabla ya kuuliza bei, tembeeni njia ambayo mama huyu hupita kila siku: kwake hadi kisimani, shambani, kliniki, sokoni na kanisani. Je, ni njia ya miguu yenye mawe na mizizi? Kuna mto wa kuvuka? Mvua ikinyesha kuna matope?

Vigari vingi vya mitumba vina magurudumu madogo ya plastiki. Hayo huzama matopeni na kukwama kwenye changarawe. Kigari kikikwama ghafla kinaweza kupinduka. Au mama atalazimika kumbeba mtoto kwa mkono mmoja na kigari kwa mkono mwingine, na hapo mzigo umekuwa miwili. Tena kuna matatu: kigari kisichokunjika hakiingii, na kinachokunjika kinaweza kulipiwa kama mzigo.

Njia ikiwa tambarare na ngumu, kama katika vituo vya biashara, mitaa ya mjini au kambi za mashamba makubwa, kigari kinaweza kusaidia sana.

JAMBO LA PILI: UMRI WA MTOTO

Mtoto mchanga hana nguvu za shingo. Akikalishwa wima, kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa hubanwa. Anaweza kukosa pumzi bila hata kulia. Kwa hiyo kigari cha kiti cha wima hakimfai mtoto mchanga. Anahitaji kigari ambacho kinalazwa kikawa kama kitanda, mpaka aweze kukaa mwenyewe. Watoto wengi hukaa wenyewe karibu na miezi 6, wengine baadaye kidogo.

Sheria hiyo ya hewa ni ile ile kwa mbeleko. Mpaka shingo ikaze, kwa wengi karibu miezi 3 au 4, ni salama zaidi kumbeba mtoto mbele, kifuani, mama akiuona uso wake. Angalieni haya:

1. Uso uwe wazi. Leso isifunike pua wala mdomo.
2. Kati ya kidevu na kifua cha mtoto pawe na nafasi ya vidole viwili.
3. Nguo ikazwe vizuri ili mtoto asiteleze na kujikunja ndani yake.
4. Miguu itanuke, magoti yapande juu kidogo kuliko makalio, kama chura. Hivyo viungo vya nyonga hukua mahali pake. Kufunga miguu ya mtoto mchanga ikiwa imenyooka na kubanwa pamoja kunaweza kudhuru nyonga.

Shingo ikishakaza, mgongoni ni pazuri. Lakini kumbukeni moshi. Mama akiinama juu ya moto, mtoto aliye mgongoni huuvuta moshi ule ule, nao huongeza hatari ya nimonia. Wakati wa kupika, mtoto apokewe na baba, bibi au dada mkubwa, nje ya jiko. Na mama akipanda bodaboda, ncha za leso zisininginie hata kidogo, maana gurudumu likizinasa ni ajali.

MTOTO ALIYEZALIWA MDOGO

Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, au kabla ya wakati, hahitaji kigari hata kidogo. Anahitaji ngozi ya mama. Mtindo huu huitwa kangaruu. Madaktari wa mji wa Bogotá, nchini Kolombia, waliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali yao ilipokuwa na uhaba wa mashine za kuwapasha watoto joto. Mtoto huvaa kofia, soksi na nepi tu, hulazwa wima kati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, kisha hufungwa kwa nguo. Hapo hupata joto na maziwa.

Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa namna hiyo wabebwe hivyo tangu mara baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kuendelea. Muulizeni muuguzi awaonyeshe jinsi ya kufunga. Basi mama wa mtoto kama huyu, msaada mkubwa wa kikundi ni kumchotea maji, kumpikia na kumlimia, ili apate saa hizo za kukaa na mtoto kifuani.

NANI ANAHITAJI KIGARI?

Tusiseme hakuna. Wako hawa:

- Mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye ameambiwa asibebe kitu kizito kwa wiki kadhaa.
- Mama wa mapacha.
- Mama mwenye ulemavu au maumivu ya mgongo.
- Bibi anayelea wajukuu, ambaye mgongo wake umeshabeba vya kutosha.
- Mama anayeuza sokoni kutwa nzima na hana wa kumwachia mtoto.

Kwa watu hawa, njia ikiwa nzuri, kigari ni huruma ya kweli. Asiwepo wa kuwacheka kwamba wanajifanya wazungu.

JINSI YA KUKAGUA KIGARI CHA MITUMBA

Ikiwa mmeamua kununua, iwe Gikomba, Kongowea au soko la kwenu, msitume mtu mmoja. Waende wawili, na waende mchana. Wabebe mfuko wa mahindi wa kilo 10, ndiyo "mtoto" wa kufanyia majaribio.

1. Breki. Weka mfuko ndani, simamisha kigari kwenye mteremko, funga breki. Kikisogea, kiacheni.
2. Kitasa cha kukunjia. Kifungue, kisha ukandamize kwa nguvu. Kisijikunje chenyewe.
3. Maungio. Mwaka wa 2009 huko Marekani vigari vipatavyo milioni moja viliitwa virudishwe kurekebishwa, kwa sababu maungio yake yalikata ncha za vidole vya watoto wakati wa kukunja. Vigari vya zamani ndivyo hufika kwetu. Pitisha kalamu kwenye maungio uone panapobana. Mtoto akae mbali kila unapokunja na kukunjua.
4. Mikanda. Inayofaa hupita mabega mawili, kiuno pande zote mbili, na katikati ya miguu. Mkanda wa kiuno peke yake huacha mtoto ateleze chini.
5. Magurudumu. Yazungushe moja moja. Nati iliyolegea, fundi wa baiskeli atakaza. Plastiki iliyopasuka kwenye mwili wa kigari haifai kuunganishwa kwa waya.
6. Kitambaa. Tafuta kunguni na ukungu. Kioshwe kwa maji moto na sabuni, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa.

Angalizo: msichanganye kigari hiki na kile cha mviringo ambacho mtoto hukaa katikati akisukuma kwa miguu ati ajifunze kutembea. Hicho hakiharakishi kutembea, nacho huwapeleka watoto mbio kwenye moto na ngazi. Kanada ilikipiga marufuku mwaka wa 2004. Msikinunue.

KUKITUMIA

Mfunge mtoto mikanda kila mara, hata safari ikiwa fupi. Msitundike vyondo kwenye mpini, kigari kitaanguka kinyumenyume. Msikifunike kwa shuka au blanketi juani. Ndani hupata joto kali upesi. Kivuli kiwe cha kofia yake au mwavuli, hewa ipite. Mtoto akilala, mkifika nyumbani mlazeni chali kitandani penye godoro gumu. Na msimwache mtoto peke yake ndani ya kigari, hata dakika moja.

Kuna jambo moja linalohusu kigari na mbeleko pamoja. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kigari au mgongoni mwa mtu. Mtoto hujifunza kwa kugeuka, kutambaa, kushika vitu na kusemeshwa. Mtandikieni mkeka, mchezeni naye.

MTOTO ASIYETEMBEA

Wakati mwingine familia huomba kigari kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye bado anabebwa. Hapa tunawasihi msikimbilie sokoni. Watoto wengi huwa wametembea kufikia miezi 18. Aliyepita hapo bila kutembea, au ambaye shingo yake haijakaza kufikia miezi 6, apelekwe hospitali na kitabu chake cha kliniki. Huenda anahitaji mazoezi ya viungo na kiti maalumu kilichopimwa mwili wake. Kigari cha kawaida kitamzoesha kukaa amepinda. Mtoto huyu asifichwe nyumbani. Mchango wa kikundi ukienda kwenye nauli ya hospitali, umeenda mahali pema.

PENDEKEZO LETU

Tuseme kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja hutoa shilingi 200. Hizo ni shilingi 4,000. Kununua kigari kimoja kwa kila mama anayejifungua kutamaliza mfuko, na vigari vitabaki nyuma ya nyumba vikifugia kuku.

Tunaonelea hivi. Kila mama apewe leso: huuzwa mbili mbili, moja ya kumbebea na nyingine ya kumfunikia. Apewe pia chakula na siku kadhaa za kusaidiwa kazi. Kisha kikundi kikiona haja, kinunue kigari kimoja kizuri kinachoweza kulazwa, kiwe mali ya kikundi kama sufuria na viti vya harusi. Kiazimwe na yule anayekihitaji kweli, kiandikwe kwenye daftari la mwandishi, kioshwe na kukaguliwa kila kinaporudishwa. Yule mwenye mapacha atangulie.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni akina mama gani ambao mgongo hauwasaidii tena? Tumewahi kuwauliza wanahitaji nini?
2. Mama anapopika, nani humshika mtoto? Akina baba wafanye nini?
3. Je, yuko mtoto ambaye amepita miezi 18 hatembei? Nani atawasindikiza yeye na mama yake hospitali, na lini?

Mjibu swali la tatu kwa kutaja siku. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.