Mtoto hupima kwanza, huamini baadaye

Mtoto aliyekimbia kijiji chake mwaka 2016 au 2017, vita vya jamii za Batwa na Baluba vilipowasukuma watu kuelekea Kalemie, mashariki mwa Kongo, na kambi kama Katanika, amekutana na watu wazima wengi. Mmoja aliandika jina lake, mwingine akampima mkono, wa tatu akamwuliza aliyoyaona porini. Kisha wote wakaondoka. Kijana wa miaka 22 akija leo na kumwambia, "Kuanzia sasa mimi ni kaka yako," mtoto huyo ana sababu ya kukaa kimya. Sayansi iko upande wake.

Nchini Marekani shirika la Big Brothers Big Sisters humkutanisha mtu mzima wa kujitolea na mtoto mmoja mwenye maisha magumu. Watafiti waliwafuatilia watoto 959, wa miaka 10 hadi 16, kwa miezi 18. Matokeo yaliyotoka mwaka 1995 yaliwafurahisha wengi: waliopewa rafiki walikosa shule nusu tu ya siku walizokosa wenzao waliobaki kwenye orodha ya kungoja, na wachache zaidi kati yao walianza kutumia dawa za kulevya.

Jean Grossman na Jean Rhodes hawakuridhika. Walizirudia takwimu zile zile wakiuliza urafiki ulidumu muda gani, wakatoa jibu mwaka 2002. Walionufaika zaidi ni wale ambao urafiki wao ulifika mwaka mmoja au kuupita. Ulipovunjika kabla ya miezi mitatu, mtoto alishuka: alijiona hana thamani, akapoteza imani katika uwezo wake wa masomo, zaidi kuliko mtoto ambaye hakupewa rafiki kabisa. Wema uliokatizwa ulimdhuru.

Kwa nini urafiki mwingine huvunjika? Kristine Morrow na Melanie Styles waliwahoji watu wazima na watoto waliokutanishwa hivyo, wakaona njia mbili. Wapo watu wazima waliokuja na mpango wao: alama zipande, tabia inyooke, na haraka. Wengi wao hawakufika mbali. Wengine walimwacha mtoto achague la kufanya, wakacheza, wakatembea, wakasikiliza. Matatizo hawakuyapuuza, waliyagusa baada ya mtoto mwenyewe kuyafungulia mlango.

Miezi ya kwanza ndiyo migumu. Mtoto aliyeachwa mara nyingi hupima: haji siku mliyopatana, akija hasemi, au anatoa neno la kuudhi. Kijana huona ni utovu wa shukrani na anaacha kuja. Lakini mtoto alikuwa anauliza swali moja tu, kama utarudi. Atakayejibu kwa kurudi juma linalofuata, saa ile ile, bila hotuba, amefanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Kalemie haihitaji jengo kwa urafiki wa namna hii. Inatosha mchezo wa mpira, au kutembea ufukweni mwa ziwa, mahali akina mama wanapoanika samaki wa ndakala, kila Jumamosi. Kijana asiahidi daftari, viatu wala safari. Aahidi siku moja tu, na aitimize.

Wala asijifanye mzazi. Nchini Sierra Leone, tangu 2002, Theresa Betancourt na wenzake wamewafuatilia watoto walioguswa na vita, wakiwemo waliotoka katika makundi yenye silaha. Waliopokelewa vizuri na familia na majirani waliendelea vema kuliko walionyanyapaliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuzoeana na mtoto, kijana apige hodi kwa mama au bibi anayemlea na aongee na wanakamati wa RECOPE, mtandao wa mtaa wa kulinda watoto. Hii ni heshima, na pia ni kinga, maana si kila anayejitolea ana nia njema.

Kuna siku kijana ataondoka, pengine kwenda kusoma Lubumbashi. Amwambie mtoto majuma kadhaa mapema, amweleze kwamba hakukosa lolote, na amkutanishe na mwingine wakiwa bado pamoja. Nao wanaoandika miradi ya miezi sita kwa ajili ya watoto hawa, nawaomba waandike katika ukurasa wa kwanza ni nani atakayekuwepo mwezi wa saba.