Ziwa si Lazima Ulizunguke Lote

Familia nyingi zinazopanga kwenda na baiskeli ziwani huuliza kwanza kama wataweza kulizunguka ziwa lote. Kwa Ziwa Manyara, na watoto wakiwemo, nasema msijaribu. Ukilielewa umbo la nchi yenyewe utaona kwa nini nasema hivyo, na utaona pia kwa nini kipande kidogo cha kaskazini ni mahali pazuri mno pa kumpeleka mtoto aliyejua baiskeli mwaka huu.

Kutoka Mkata, kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera, safari ni ya siku nzima kwa basi: Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, kisha unakata kona Makuyuni na kushika barabara ya Ngorongoro hadi Mto wa Mbu. Mji huu umekaa chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ardhi ya huku ilipasuka, upande wa magharibi ukabaki umesimama kama ukuta wa mamia ya mita, na upande wa mashariki ukadidimia. Ziwa limelala palipodidimia. Kwa maelfu ya miaka mvua zimekuwa zikiteremsha mchanga na tope kutoka milimani na kuvitandaza chini, na huo ndio utambarare tunaoutafuta.

Magharibi, kati ya ukingo na maji, umebaki ukanda mwembamba tu, na sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Humo mna tembo, nyati na simba. Njia ya familia inabaki nje ya hifadhi: inaanzia mjini, inapita kwenye migomba na mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji, inatokea kwenye uwanda wazi wa malisho, inakaribia maji, kisha inarudi kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1990 kuna mpango wa utalii wa kitamaduni pale, na waongozaji ni wenyeji. Mchukue mmoja. Anajua ni mfereji upi umefurika na ni upande upi nyati wamevuka jana yake.

Utambarare una thamani kuliko ufupi wa njia, na wazazi wengi hawalipi jambo hili uzito wake. Chukua mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 15, anayekwenda kilomita 10 kwa saa kwenye udongo ulioshikana. Mwinuko wa mita 3 tu kwa kila mita 100, ambao kwa macho huutambui, unamtaka atumie nguvu karibu mara tatu ya ile ya mahali tambarare. Mtoto hali yake ni ngumu zaidi. Akiwa na kilo 25 na baiskeli yake ina kilo 12, anasukuma chombo kinachokaribia nusu ya uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo kilomita 12 za uwanda zinamfaa mtoto kuliko kilomita 4 za vilima. Mchanga laini nao unakula nguvu sawasawa na mlima. Ukiufikia, punguza upepo kidogo kwenye matairi, au mshuke mkokote.

Baiskeli za kukodi pale nyingi ni za watu wazima. Usikubali mtoto apande kubwa eti atazoea. Akikaa kitini, ncha za miguu yake lazima ziguse chini, na vidole vyake viifikie breki bila kujinyoosha. Kama haipatikani saizi yake, bora abebwe kwenye kiti cha mtoto kilichofungwa imara kwenye karia, miguu ikingwe isiingie kwenye spoki.

Uwandani kuna miiba ya migunga, na pancha ni jambo la kutegemea. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi na pampu. Beba maji ya kunywa pia, maana ya ziwa hayanyweki. Manyara haina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa kukaushwa na jua, na chumvi zikibaki huwa magadi. Tena ziwa lenyewe lina kina cha mita chache tu, hivyo mvua zikizidi maji yanasogea mbali uwandani, na kiangazi kikiwa kikali yanarudi nyuma kilomita nyingi. Njia uliyopita mwaka jana inaweza kuwa majini mwaka huu. Yakirudi nyuma huacha ganda jeupe lililokauka juu, na chini yake tope bichi. Watoto hulipenda ganda hilo, na gurudumu huzama papo hapo. Mwisho wa safari uwe pale majani yanapoishia. Flamingo mtawatazama kutoka hapo, kwa darubini kama mnayo. Ondokeni saa moja asubuhi, maana uwandani hakuna kivuli na ifikapo saa nne jua limeshakuwa kali.

Kwa asiyeweza kwenda Manyara, tuseme ukweli kuhusu Mkata. Barabara kuu ya Chalinze–Segera ina malori na mabasi mchana na usiku, na lami ya kilomita 54 kwenda Handeni nayo ni ya magari ya mwendo. Mtoto hana nafasi kwenye hizo barabara mbili, hata pembeni. Nafasi yake iko kwenye njia za udongo ziendazo mashambani na kwenye malambo. Chagueni njia isiyolazimu kuvuka lami, mzazi mmoja atangulie na mwingine afuate nyuma kabisa, na mwende wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijageuza udongo kuwa tope la kunata kwenye magurudumu.

Mkifika lamboni, baiskeli zilazwe mbali na tuta. Manyara kina chake huongezeka taratibu sana. Lambo limechimbwa, kingo zake huteremka ghafla na tope lake huteleza. Mtu mzima asimame kati ya watoto na maji muda wote watakaokuwa pale.