Oda Kwanza, Kalibu Baadaye

Ndugu wanakikundi, je, kitu cha wanunuzi wachache chaweza kulisha karakana? Huko Uingereza chaweza, tena ni mfano mdogo wa kichwa cha treni.

Kipimo chake ni 1 kwa 76, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Viwanda vikubwa hutengeneza aina zinazopendwa na wengi. Fundi mdogo huchukua zile zilizoachwa. Huuza vipande tu, mnunuzi aunge mwenyewe. Madini laini huyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi, ili yafike kila pembe.

Fundi huuza vipuri pia. Bodi ya zamani ni nzima, lakini gia ya plastiki imepasuka. Basi yeye huuza mota na gia mpya za kuingia chini ya bodi ile ile.

Hatari iko wapi? Kalibu hula pesa kabla hujauza hata kimoja. Ndiyo maana wengi hukusanya oda kwanza. Zisipotosha, kazi haianzi.

Nasi tujiulize kabla ya kununua mashine: hapa kwetu ni kifaa gani huharibika na kipuri chake hakipatikani dukani? Na nani yuko tayari kutoa arbuni?