Wimbo unaouliza: diski ya Marvin Gaye ya mwaka 1971

Waseminari wengine wametuuliza kama inafaa museminari asikilize nyimbo za dunia, zaidi zile za Wamarekani weusi zinazoitwa soul. Neno hilo katika Kingereza ni «roho», na pengine ndilo linalowatatiza: namna gani wimbo wa dansi unaitwa roho? Hatutaki kujibu kwa «ndiyo» au «hapana» ya haraka. Tunaona afazali tuchukue diski moja tu, tueleze namna ilivyotengenezwa, ilisema nini, na sababu gani watu wanaisikiliza hata leo, zaidi ya miaka 50 imekwisha kupita. Diski hiyo inaitwa What's Going On, maana yake «Kunatokea nini?» Mwimbaji ni Marvin Gaye, nayo ilitoka tarehe 21 Mei 1971.

Kwanza tujue kwamba muziki huu ulizaliwa kanisani. Watumwa weusi wa Marekani waliimba mateso yao kwa maneno ya Biblia. Watoto na wajukuu wao wakaendelea katika makanisa ya Waprotestanti, mwimbaji mumoja akianza na watu wote wakiitikia kwa sauti na makofi. Halafu, kati ya miaka 1950 na 1960, vijana kama Ray Charles wakachukua sauti zile zile, lakini mahali pa jina la Mungu wakatia jina la musichana. Wazee wa makanisa walichukizwa sana. Sisi wa Kongo tunaweza kuelewa ugomvi huo, ila kwetu njia ilikuwa nyingine. Missa Luba ya Kamina, mwaka 1958, ilikuwa wimbo wa kijiji ulioingia Misani. Kwa Wamarekani wale, wimbo wa kanisa ndio ulitoka mulangoni ukaenda barabarani.

Marvin alizaliwa Washington tarehe 2 Aprili 1939. Baba yake alikuwa muhubiri wa kanisa dogo lililoitwa House of God, lenye kushika sabato siku ya posho. Mutoto akaimba mbele ya wakristo tangu udogo wake. Lakini nyumbani baba alikuwa mukali kupita kiasi, aliwapiga watoto wake mara nyingi, na Marvin zaidi ya wengine. Hatutoi habari hii ili tuwaaibishe waliokufa. Ni lazima kuijua, kwa maana neno «baba» litarudi katika wimbo, na mwishoni litarudi tena kwa namna ya kutisha.

Kijana alipokwenda Detroit alipata kazi katika kompani ya diski ya Motown. Mwenyeji wake, Bwana Berry Gordy, mutu mweusi, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha motokari. Mwaka 1959 alikopa dola 800 kwa jamaa yake akaanza. Mpango wake aliutoa kiwandani: huyu anatunga, huyu anapiga vyombo, huyu anaimba, wengine wanachungua kama kazi ni safi, na diski zinatoka moja nyuma ya ingine sawa na motokari. Nyimbo zilikuwa za mapendo, safi na tamu, ili Wazungu na watu weusi wote wanunue. Mambo ya siasa hakuyapenda, alizani yatawakimbiza wanunuzi. Marvin akaoa dada ya Gordy, naye akawa mumoja wa wale walioleta feza nyingi. Mwaka 1968 wimbo wake I Heard It Through the Grapevine ulikaa juma 7 mahali pa kwanza katika Marekani nzima.

Lakini inje ya studio mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Julai 1967 muji wa Detroit uliwaka moto. Watu 43 walikufa katika siku chache. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King akauawa. Vita ya Vietnam ilikula vijana kila siku, na Frankie, ndugu wa Marvin, alikuwa askari kule. Tena Tammi Terrell, musichana aliyeimba pamoja na Marvin, alianguka mikononi mwake mbele ya watu mwaka 1967. Alikuwa na ugonjwa katika ubongo, akafa tarehe 16 Machi 1970, naye ana miaka 24 tu. Marvin akaacha kwenda kuimba mbele ya watu. Akajifungia nyumbani. Frankie aliporudi kutoka vitani, ndugu hao wawili walikaa pamoja, yule akisimulia aliyoyaona, huyu akisikiliza na kulia.

Tunaomba musomaji asimame kidogo hapa. Wengi wanazani Marvin aliamka asubuhi moja akasema: sasa nitahubiri juu ya vita. Sivyo. Alisikiliza kwanza ndugu yake mumoja, mutu mwenye jina na uso, na barua zake alizoandika kutoka vitani.

Na wimbo wenyewe wa kwanza haukuanza kwake. Renaldo Benson, aliyeimba sauti ya chini katika kundi la Four Tops, alikuwa safarini mwezi wa Mei 1969. Walipofika Berkeley, katika California, aliona polisi wakiwapiga vijana waliokusanyika kutetea bustani moja. Akajiuliza: ni nini hii? Kwa nini wanapiga watoto wetu, na kwa nini wanapeleka wengine mbali wakafe? Akaanza wimbo, rafiki yake Al Cleveland akamusaidia. Wenzake wa Four Tops walikataa kuuimba, walisema ni wimbo wa kugombana. Benson akajibu kwamba ni wimbo wa mapendo. Akaupelekea Marvin, naye akageuza maneno, akaongeza mengine, akatia ndani habari za nyumbani mwake.

Walianza kuuingiza katika mashini mwezi wa Juni 1970. Kazi ile haikufanana na kazi ya kiwanda. Mupiga saksofoni, Eli Fontaine, alikuwa anajaribu chombo chake tu, kama kila mupigaji afanyavyo mbele ya kazi, na mashini zilikuwa zinashika sauti. Marvin akamuambia: asante, kazi imekwisha. Fontaine akashangaa, maana hakuwa ameanza! Lakini vile alivyojaribu ndivyo diski inavyoanza mpaka leo. Mupiga gitari ya besi, James Jamerson, walikwenda kumutafuta usiku mahali alipokuwa anapiga muziki; alikuwa amekunywa hata hakuweza kukaa sawasawa juu ya kiti, basi akapiga wimbo wake akilala chali. (Tunaandika hii kwa sababu ilitokea, si kwa kuwa mufano wa kuigwa.) Tena Marvin aliimba mara mbili ili achague sauti moja. Fundi wa mashini, kwa makosa, akamusikilizisha zote mbili kwa pamoja. Marvin akazisikia zikiitikiana, akasema ziachwe hivyo. Tangu siku ile akawa anaimba na nafsi yake, sauti moja ikisema na ingine ikijibu nyuma, sawa na muhubiri na watu wake. Kanisa la baba yake lilikuwa limerudi, ingawa studioni alikuwa mutu mumoja tu.

Gordy alikataa kuutoa. Aliona unapinga desturi zote za kompani na utaharibu jina la Marvin. Marvin naye akakataa kuimba kitu kingine chochote mpaka ule utoke. Miezi ikapita. Mwezi wa Januari 1971 wengine katika kompani wakautoa, nao ukauzwa kwa haraka sana: ukafika mahali pa kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi, na mahali pa pili katika orodha ya wote. Ndipo Gordy akaomba diski nzima upesi. Nyingi ya nyimbo ziliingizwa katika siku 10 hivi za mwezi wa Machi. David Van De Pitte aliandika noti za vinanda na tarumbeta, na wapigaji wa okestra kubwa ya Detroit wakaleta fidla zao. Juu ya mufuko wa diski waliandika majina ya wapigaji, jambo ambalo Motown haikuwa na desturi ya kufanya. Watu hawa walikuwa wamepiga nyimbo nyingi zenye sifa pasipo mutu kuwajua.

Diski ina nyimbo 9, nazo zimeungana karibu zote pasipo kituo, kama masomo na zaburi za Ofisio. Anayesema ndani ni kama askari aliyerudi. Anauliza habari za mutaa, anatafuta kazi na haipati. Wimbo wa tatu unasema juu ya kijana aliyefungwa na heroini, naye anajua kwamba inamuua. Wimbo wa ine unaombea watoto. Baadaye unakuja God Is Love, mufupi sana, unaosema lile neno la Mutakatifu Yoane, na papo hapo unaomba watu wasimuseme Mungu vibaya. Mercy Mercy Me unalilia upepo wenye sumu, mafuta yaliyomwagwa baharini, samaki waliojaa zebaki. Ni wachache sana walioimba habari hizo wakati ule. Wa mwisho, Inner City Blues, unahesabu mambo ya mutaa wa masikini: kodi, bei zinazopanda, feza zinazopelekwa mwezini na wenye njaa wanabaki.

Musomaji mwenye Biblia mukononi atatambua namna hii ya kusema. Ni ile ya Habakuki na ya zaburi za kilio. Hakuna mutu anayelaaniwa kwa jina lake. Mwimbaji anauliza, anaomba huruma, anawaita mama, ndugu na baba. Kwa baba anaomba wasiongeze vita, maana chuki haishindwi kwa vita. Wengine wamesema diski hii ni zaifu kwa sababu haisemi kazi gani ifanywe. Sisi tunaona wamekosa. Zaburi nazo hazitoi mpango wa serikali, walakini zimewashika watu wengi wasianguke.

Tena kuna jambo ambalo waimbaji hawakulijua wala Roma haikulijua. Tarehe 14 Mei 1971, juma moja tu mbele ya diski hii kutoka, Papa Paulo VI alitia sahihi barua Octogesima Adveniens, aliyomuandikia Kardinali Maurice Roy, miaka 80 nyuma ya Rerum Novarum. Someni barua hiyo: inasema juu ya miji mikubwa ambamo mutu anakuwa pekee yake katikati ya wengi, juu ya vijana, juu ya wanaochukiwa kwa sababu ya kabila au rangi, na juu ya dunia inayoharibiwa na mwanadamu mpaka yeye mwenyewe anakuwa katika hatari. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliikumbusha katika Laudato si'. Papa aliandika kwa akili ya mwalimu, Marvin aliimba kwa maumivu ya jamaa yake, na wote wawili waliona vidonda vilevile. Mwenye kufundisha mafundisho ya Kanisa juu ya maisha ya watu atafanya vizuri kuyaweka mambo haya mawili pamoja mbele ya wanafunzi.

Matunda ya diski hayakukawia. Katika Motown waimbaji wengine, zaidi Stevie Wonder, walipata uhuru wa kutengeneza kazi zao wenyewe. Mwezi wa Januari 1972 Aretha Franklin, naye mutoto wa muhubiri, aliimba Wholy Holy ya diski hii katika kanisa la Wabatisti la Los Angeles, mbele ya watu wenye kusali; basi wimbo uliotoka kanisani ukarudi kanisani kwa muda wa miezi minane. Mwaka 2001 waimbaji wengi waliimba wimbo wa kwanza ili kukusanya feza za kupigana na SIDA, zaidi katika Afrika. Mwaka 2006, mwaka mumoja nyuma ya tufani iliyozamisha New Orleans, kundi la tarumbeta la muji ule, Dirty Dozen Brass Band, lilipiga diski nzima upya. Na mwaka 2020 gazeti la Rolling Stone liliiweka ya kwanza kati ya diski 500.

Mwimbaji mwenyewe hakuwa mutakatifu. Dawa za kulevya alizozililia katika wimbo wa tatu zilimushika yeye pia, na ndoa zake zilivunjika. Tarehe 1 Aprili 1984, katika nyumba ya wazazi wake Los Angeles, kulikuwa ugomvi, na baba yake akamuua kwa bastola. Kesho yake angetimiza miaka 45. Wanaotaka kukataa wimbo kwa sababu ya maisha ya mwimbaji wanaweza kuikamata habari hii kama silaha. Sisi tunaisoma kwa namna nyingine: mutoto aliyeomba baba asiongeze vita alijua vema alimusemesha nani.

Kwa wale watakaoisikilizisha katika mikutano ya vijana: inachukua dakika 35 hivi, musiikatekate. Waelezeni kwanza habari ya Frankie, halafu waacheni wasikie mpaka mwisho, kwa maana wimbo wa tisa unapomalizika ule wa kwanza unasikika tena, na swali lake.