Kwa Nini Redio Husikika Mbali Usiku?

Mzee mmoja, jirani yangu hapa Wabera, Isiolo, alizoea kununua betri mpya kila mara stesheni ya mbali ilipopotea mchana. Usiku redio ikasema vizuri, naye akazisifu betri zake. Kumbe fedha zake zilipotea bure, maana kasoro haikuwamo katika betri. Ilikuwa juu, katika hewa.

Kuanzia kama kilometa 60 juu ya vichwa vyetu, miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho huzipiga chembe za hewa na kuzinyang'anya elektroni. Hewa iliyopigwa hivyo huwa na umeme, nayo hujipanga kwa matabaka. Edward Appleton wa Uingereza alianza kulithibitisha jambo hilo mwaka 1924, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Tabaka la chini, baina ya kilometa 60 na 90, huyameza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likichwa, elektroni hurudia chembe upesi, na tabaka hilo karibu hutoweka. Lakini juu ya kilometa 200 hewa ni nyepesi mno, na chembe hazikutani upesi. Kwa hiyo tabaka la huko hudumu usiku kucha, likiyarudisha mawimbi chini kama ukuta urudishavyo mpira. Vimondo na miale itokayo mbali angani huongeza umeme kidogo, lakini chanzo kikuu ni jua. Likipatwa, kama lilivyopatwa huku kaskazini ya Kenya tarehe 30 Juni 1973, tabaka la chini hupungua mchana kweupe.

Jambo hili si la burudani tu. Wako wapelekao habari kwa redio ya masafa mafupi kutoka mahali pasipo simu: habari za mgonjwa, za wezi wa mifugo, za mafuriko ya Ewaso Nyiro. Nao na wakumbuke: mchana hufaa mawimbi mafupi zaidi, usiku marefu zaidi. Tena jua likilipuka, sauti huweza kukatika mchana kwa dakika kadhaa, hata saa nzima. Hapo mtu asikimbilie bisibisi kuifungua mashine. Na ajaribu wimbi fupi zaidi, au angoje kidogo.

Nawe msomaji, kabla ya kwenda dukani, jaribu kwanza stesheni ya karibu. Ikisikika vizuri, betri zako ni nzima. Mzee yule sasa hungoja jua lichwe ndipo aitafute stesheni yake ya mbali, na fedha za betri hununulia sukari.